Gemu za kaseti za utotoni: ni nini hasa kilichobaki ndani yetu

Mwaka 1996, Ngamiani mjini Tanga, palikuwa na chumba cha uani ambacho mchana kilihifadhi magunia ya mkaa na jioni kiligeuka banda la gemu. Ndani yake mlikuwa na televisheni moja ya chogo juu ya meza, mashine ya plastiki nyeupe yenye ukubwa wa sahani ya chakula, pedi mbili za kuchezea ambazo nyaya zake zilizungushiwa utepe mweusi mahali zilipokuwa zimekatika, na benchi la watoto watano ambalo kila siku lilikaliwa na tisa. Sarafu moja ilikununulia maisha matatu ya Mario, kijitu wa gemu anayekimbia na kuruka. Ukiyamaliza, unampisha anayefuata na kurudi mwisho wa foleni, mfuko ukiwa mtupu na macho yakiwa bado kwenye kioo. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Hivi karibuni nilishika pedi ya mashine ya kisasa ya mpwa wangu, ambayo imeihifadhi gemu ile kama ilivyotolewa Japani. Kidole gumba changu cha kulia kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kuruka kabla sijafikiri lolote, na hata hivyo nikauawa na kiumbe cha kwanza kabisa. Nimeandika makala hii ili kueleza mambo hayo mawili, yaani kwa nini kidole kilikumbuka na kwa nini kilikosea.

Tunapouliza gemu za utotoni zimetuachia nini, aghalabu tunatia maswali kadhaa katika kapu moja. Wazazi wetu waliuliza kama zingetuharibu: kama tungeacha shule, kama tungekuwa wagomvi, kama macho yangepofuka. Wauzaji wa gemu za leo wanauliza kinyume chake, kama mtoto akicheza atakuwa na akili zaidi. Mtu mzima anayekumbuka banda la mtaani kwao anauliza jambo jingine kabisa: kwa nini nyimbo, picha na miendo ya mchezo wa miaka ile vimekaa ndani yangu kwa uthabiti ambao masomo ya darasa la tatu hayakuupata? Hili la mwisho ndilo ninalolishughulikia hapa, kwa sababu lina majibu yanayoweza kuelezwa kwa ushahidi, na kwa sababu majibu hayo yanaanzia mahali ambapo wengi hawapatazami, katika udogo wa mashine yenyewe.

Mashine ile nyeupe haikuwa na jina tulilolijua. Tuliiita gemu, basi, kama mchezo wenyewe ulivyoitwa gemu. Kwa hakika ilikuwa nakala ya mashine ya kampuni ya Nintendo iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800, ikiitwa Family Computer, au Famicom kwa ufupi. Prosesa yake, yaani chipu inayofanya hesabu zote, ilitokana na ile maarufu ya 6502 na mapigo yake hayakufika milioni mbili kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Aya mbili au tatu za makala hii zingetosha kuijaza. Picha tuliyoiona haikuchorwa nukta kwa nukta. Iliungwa kwa vigae vidogo vya nukta 8 kwa 8, vigae 32 kwa upana na 30 kwa urefu, kama fundi anavyotandika sakafu. Mbele ya sakafu hiyo vilipita vitu vinavyotembea, visivyozidi 64 kwa jumla, na katika mstari mmoja wa mlalo visivyozidi 8. Vikizidi 8 mashine haikuchora vilivyobaki, kwa hiyo watengenezaji wa gemu walivipokeza zamu ili kisipotee kimoja moja kwa moja, na hiyo ndiyo sababu risasi za Contra, gemu ya askari wanaopigana kwa bunduki, zilikuwa zikipepesa kila zilipokuwa nyingi. Sisi tulidhani ni ugonjwa wa televisheni, na kijana mmoja alikuwa akilipiga chogo kwa kiganja kila upepesaji ulipoanza.

Mashine ya Japani ilifikaje Tanga bila kampuni yake kuituma? Toleo la Japani lilipokea kaseti zenye pini 60 na halikuwa na kizuizi chochote cha kukagua kama kaseti ni halali. Toleo lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985 lilibadilishwa umbo, likawa na pini 72 na chipu ya ulinzi iliyoikataa kila kaseti isiyo na chipu mwenzake. Viwanda vya Taiwan na China vilipoamua kunakili, vilipita mlango uliokuwa wazi, yaani toleo la Japani. Kadiri miaka ilivyokwenda, chipu kuu za mashine hiyo zilikusanywa zikawa moja, ikamwagiwa gundi nyeusi juu ya ubao wa saketi, na bei ikashuka hadi mwenye chumba cha mkaa akaweza kuimudu. Kwa njia hiyo watoto wa Urusi walipata Dendy, wa Poland wakapata Pegasus, nasi Afrika Mashariki tukapata mashine zenye majina yaliyobadilika kila zilipoletwa. Tanzania Bara zilikuta televisheni nayo ni ngeni, kwa kuwa vituo vya kwanza vya huku vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa mtoto wa Ngamiani, kioo kilichosoma taarifa ya habari na kioo kilichotii kidole viliingia maishani karibu wakati mmoja, na nadhani ndiyo maana sikuwahi kuamini kwamba televisheni ni kitu cha kutazamwa tu.

Kaseti nazo zilikuwa na uongo wake. Karatasi ya rangi iliyobandikwa juu ilidai kwamba ndani mna gemu 9,999, wakati mwingine hata milioni moja, na ukizipitia unakuta ni chache zinazorudiwarudiwa. Lakini uongo huo ulikuwa na ufundi wake: kabla ya kuiachia gemu ianze, programu ya menyu iliandika namba fulani katika kumbukumbu ya mashine, hivyo Mario wa mstari mmoja akaanzia dunia ya kwanza na Mario wa mstari mwingine, ambaye ni yule yule, akaanzia dunia ya tano. Wakubwa waliijua mistari hiyo kwa kichwa na waliificha kama mtu anavyoficha mahali penye samaki.

Kilichotufunza zaidi ni kile ambacho mashine haikuweza kukifanya. Haikuweza kukumbuka. Kaseti za bei nafuu hazikuwa na betri ya kuhifadhi mahali ulipofika, kwa hiyo umeme ukikatika, na ulikuwa ukikatika, safari nzima ilirudi mwanzo. Super Mario Bros., iliyotoka Japani tarehe 13 Septemba 1985, ina dunia 8 zenye hatua 4 kila moja, jumla hatua 32, na mtoto mwenye sarafu moja kwa siku hakuwa na budi kuanza na hatua ya kwanza ya dunia ya kwanza, leo, kesho na mwezi mzima unaofuata. Nimepita hatua hiyo mara nyingi kuliko nilivyopita barabara yoyote ya Tanga. Mtoto wa leo, ambaye gemu yake huhifadhi kila hatua anayopiga, huona mambo mengi mara moja moja. Sisi tuliona mambo machache mara mia kadhaa, na ubongo hujenga njia zake juu ya kinachorudiwa.

Hatua hiyo ya kwanza inastahili kutazamwa kwa karibu. Mario anaanza akiwa upande wa kushoto wa kioo, na kulia kwake pana uwazi mtupu. Hakuna maandishi ya kukuelekeza, ila nafasi yenyewe inakuvuta kulia, na ukijaribu kurudi ulikotoka kioo hakifunguki. Mbele kidogo kinakuja kiumbe cha kahawia chenye umbo la uyoga na nyusi za hasira. Ukikigusa unakufa, lakini unakufa ukiwa bado hujapoteza safari yoyote ya maana, na umejua jambo. Hapo hapo juu yanametameta matofali yenye alama ya kuuliza. Ukiruka kumkwepa adui, huenda kichwa kikagonga mojawapo. Tofali mojawapo linatoa uyoga, na mtu aliyekwisha kuuawa na kitu kinachofanana na uyoga angeukimbia. Lakini uyoga huo unatambaa kwenda kulia, unaanguka, unagonga bomba la kijani na kurudi moja kwa moja kwako, mahali ambapo matofali yaliyo juu ya kichwa chako yanakunyima nafasi ya kuuruka vizuri. Unakugusa utake usitake, na Mario anakua. Shigeru Miyamoto, aliyeibuni gemu hiyo pamoja na Takashi Tezuka, amekwisha kueleza kwamba mpangilio huo ulikusudiwa. Karibu na mwisho wa hatua kuna ngazi mbili zinazotazamana na kati yake ni ardhi ngumu, kwa hiyo ukikosea kuruka hupati hasara. Ukienda mbele unakuta ngazi nyingine mbili za aina ile ile, na kati yake ni shimo.

Mtoto asiyejua Kiingereza, asiye na kitabu cha maelekezo, alifundishwa yote hayo kwa jinsi vitu vilivyopangwa, tena kwa utaratibu wa mwalimu mzuri, anayekupa kwanza jaribio lisiloumiza kisha lile lenye gharama. Na gemu yote, pamoja na picha, sauti na hatua zake 32, ilitoshea katika kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuizidi mara hamsini. Ili itoshee, watengenezaji walitumia umbo moja kwa wingu na kwa kichaka, wakabadilisha rangi tu, nyeupe juu na kijani chini. Niliambiwa hilo nikiwa mtu mzima na sikuamini mpaka nilipoviweka viwili hivyo sambamba.

Sasa tuje kwenye kidole. Wanaochunguza kumbukumbu hutofautisha kumbukumbu ya habari, ambayo mtu anaweza kuisimulia, na kumbukumbu ya kutenda, ambayo hujionyesha mikononi tu. Tofauti hii ilidhihirika kwa Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa na ambaye tangu hapo hakuweza kuhifadhi habari mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha umbo la nyota kwa kalamu huku akiuona mkono wake kupitia kioo cha kujitazamia tu. Siku hadi siku mkono wa Molaison uliimarika, ingawa kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Ujuzi wa kuruka shimo la Mario umehifadhiwa upande huo wa pili. Ndiyo maana mtu anaweza kusahau majina ya wote waliokaa naye benchini, na bado dole gumba lake likajua libonyeze kwa muda gani ili Mario aruke juu na libonyeze kwa muda gani ili aruke kidogo.

Gemu pia hutuingia katika usingizi. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao juu ya Tetris, gemu ya vipande vinavyoanguka iliyobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Washiriki walicheza kwa saa 7 zilizogawanywa katika siku 3, na walio wengi waliripoti kuona vipande vikianguka mbele ya macho yao walipoanza kusinzia. Jambo la kushangaza ni kwamba miongoni mwa washiriki walikuwamo watu wenye upotevu wa kumbukumbu wa aina ya Molaison, na baadhi yao nao waliona vipande hivyo, ingawa hawakukumbuka kwamba wamecheza. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka matundu ya chandarua changu, ambayo usiku yalikuwa yakijipanga kuwa kuta za matofali na vifaru vya gemu vikapita kati yake, nami sikumwambia mama kwa kuogopa kukatazwa banda.

Wazee waliokuwa wakicheza bao barazani, hatua ishirini kutoka kwenye lile banda, walitulaumu sana, na bado nadhani wao ndio waliokuwa na uwezo mkubwa kuliko wote wa kutuelewa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji aliyebobea haoni kete mojamoja. Anaona sura nzima, anajua mtaji huu utaishia wapi kabla mkono haujaokota kete, na ukimvurugia mashimo anaweza kuyarudisha yalivyokuwa. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walionyesha jambo hilo hilo kwa mchezo wa sataranji: mabingwa walioonyeshwa ubao kwa sekunde chache walikumbuka nafasi za vipande kuliko wanagenzi kwa mbali, lakini vipande vilipotawanywa ovyo, bila kufuata mchezo wowote wa kweli, ubingwa wao haukuwasaidia sana. Kumbukumbu yao kwa jumla haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Ilikuwa imejaa sura walizokwisha kuziona mara nyingi. Mtoto aliyemaliza Contra kwa maisha matatu alifanya kazi ya aina hiyo hiyo, kwani adui wengi wa gemu ile hutokea mahali pale pale kila mara, na aliyeijua aliiona njia ya mbele kabla haijafika. Sisi wengine tulitegemea ile siri ya juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A, inayokupa maisha 30, na ambayo iliingizwa kwanza katika gemu ya Gradius na mtengenezaji Kazuhisa Hashimoto. Ilifika Ngamiani kwa mdomo, bila gazeti wala kitabu, na ilifika bila kukosea hata herufi moja.

Je, alama zilizoachwa na gemu hizo huonekana ndani ya ubongo? Mwaka 2019 Jesse Gomez, Michael Barnett na Kalanit Grill-Spector wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi ambao kwangu ndio jibu zuri kuliko yote. Waliwatafuta watu wazima 11 ambao tangu umri wa miaka mitano hadi minane walicheza sana Pokémon kwenye kile kimashine kidogo cha mkononi cha Game Boy, na wengine 11 ambao hawakuicheza. Walipowaonyesha picha za viumbe wa gemu hiyo huku ubongo wao ukipigwa picha, wale waliocheza utotoni walikuwa na sehemu iliyoitikia viumbe hao kuliko picha nyingine, na sehemu hiyo ilikuwa mahali pale pale kwa mtu na mtu, katika mkunjo ulio nyuma kidogo ya masikio. Watafiti walieleza kwamba siri iko katika udogo wa kioo. Kioo kidogo hutazamwa kwa kitovu cha jicho, na kitovu cha jicho kina eneo lake katika ubongo. Mtoto anayetazama kitu kile kile kwa namna ile ile kwa saa nyingi, katika umri ambao ubongo bado unajigawia kazi, hukipa kitu hicho mahali pake. Wachezaji hao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, na mahali pale palikuwa bado papo.

Ninasisitiza neno mahali, kwa kuwa ndilo linalotenganisha ukweli na matangazo ya biashara. Kilichobaki ni alama ya kitu mahususi. Kuna ushahidi kwamba gemu za mapambano ya kasi hubadilisha namna jicho linavyogawa umakini: mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier walichapisha katika jarida la Nature kwamba watu waliocheza gemu ya aina hiyo saa moja kwa siku kwa siku 10 waliboreka katika majaribio ya umakini wa macho kuliko waliocheza Tetris kwa muda huo huo. Hata hivyo, kutoka kwenye jicho hadi kwenye hesabu za shule ni safari ndefu, na mafunzo ya aina hii kwa kawaida hayasafiri mbali na mahali yalipofanyika. Hakuna mtoto wa benchi letu aliyefaulu kwa sababu ya Mario. Na hofu ya wazazi haikuwa upuuzi: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliidhinisha orodha mpya ya magonjwa ambamo kushindwa kujizuia kucheza gemu, hadi maisha mengine yakavurugika, kumetambuliwa kuwa ni maradhi. Sisi tulilindwa zaidi na umaskini wa mifuko yetu kuliko na busara yetu.

Zipo alama ambazo kipimo cha ubongo hakiwezi kuzionyesha, nami nitaieleza moja iliyo yangu. Gemu niliyoipenda kuliko Mario ni ile tuliyoiita Vifaru, ambayo jina lake halisi ni Battle City, iliyotengenezwa na Namco mwaka 1985. Wachezaji wawili wanalinda tai aliyezungushiwa matofali sehemu ya chini ya kioo, huku vifaru 20 vya adui vikishuka kutoka juu katika kila hatua, na hatua zenyewe ni 35. Risasi yako ikimpata mwenzako, anaganda kwa muda. Ukikosea shabaha unaweza kumlipua tai wako mwenyewe, na mchezo ukaisha kwa wote wawili. Kaka yangu nami tuligombana na kupatana ndani ya gemu ile kuliko mahali pengine popote, kwa sababu haikuwezekana kushinda bila kugawana uwanja: wewe shika kushoto, mimi nabaki na tai, usivunje ukuta huo kwa kuwa utatufungulia mlango. Mimi ninayeandika haya nilijua maana ya zamu na ya mgawanyo wa kazi katika gemu hiyo kabla sijaijua kwa maneno.

Mstari wa tatu wa menyu ya Vifaru ulikuwa na neno refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyelijua. Siku moja kaka mwenye banda aliulizwa, akasema ni mahali pa kuharibia gemu, tusipaguse. Nilipagusa. Kioo kilifunguka uwanja mtupu wa kijivu na mweusi, kifaru kimoja kikiwa kona ya juu, na nilipobonyeza kitufe pale kilipopita kiliacha tofali; nikabonyeza tena likawa tofali la chuma, kisha maji, kisha miti. Nilikuwa naweza kupanga uwanja wangu mwenyewe. Nilitumia sarafu za wiki nzima kujenga mji uliofanana na Ngamiani, wenye barabara zinazokatana kwa pembe za mraba, mto upande mmoja na miti upande wa pili, na wenzangu waliocheza ndani yake walikuwa wakilalamika kwamba barabara ya saba haipitiki. Umeme ulipozimwa usiku mji wote ulipotea, na siku iliyofuata niliujenga upya, ukawa bora kidogo. Leo kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja. Sidai kwamba gemu ndiyo iliyonipa kazi hiyo, maana kaka yangu alishika pedi ile ile na leo anauza samaki sokoni Deep Sea. Ninachoweza kusema ni kwamba ninapopewa eneo tupu, jambo la kwanza ninalolitafuta ni mahali ambapo mtu atakwama, na ninakumbuka siku niliyoanza kulitafuta.

Imebaki alama ya sikio, na hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini niliuawa na kiumbe cha kwanza. Muziki wa Mario ulitungwa na Koji Kondo kwa mashine yenye njia 5 tu za sauti, moja ikiwa ya mvumo wa kelele unaotumika kama ngoma. Hata sauti za matukio zilipita njia hizo hizo, kwa hiyo tukio likitokea sehemu fulani ya muziki hunyamaza kwa nukta ya sekunde. Nilipousikia muziki huo kwenye mashine ya mpwa wangu, nilihisi una haraka ya ajabu, kama kanda inayovutwa. Nikadhani umeharibiwa. Haukuharibiwa.

Gemu za wakati ule hazikuhesabu wakati kwa saa. Zilihesabu picha. Kila televisheni ilipomaliza kuchora picha moja, gemu ilisogeza kila kitu hatua moja: Mario, adui, risasi, noti ya muziki. Televisheni za Japani na za Marekani zilichora picha 60 kwa sekunde. Za kwetu, zilizofuata mfumo wa PAL, zilichora 50. Nintendo ilipopeleka Mario Ulaya, ambako nako ni 50, iliirekebisha gemu ili ifidie tofauti hiyo. Lakini mashine zetu za kunakili zilitengenezwa ziendane na televisheni za PAL huku kaseti zake zikinakiliwa kutoka za Japani bila kurekebishwa, kwa hiyo kila kitu kilikwenda polepole kwa sehemu moja ya sita. Muziki uliochukua dakika moja Tokyo ulichukua dakika moja na sekunde 12 Tanga. Mamilioni ya watoto, kuanzia Moscow hadi Mombasa, walikua na Mario mwenye mwendo wa utulivu zaidi kuliko yule aliyekusudiwa, na hawakuwa na njia ya kujua kwamba yupo mwingine.

Kidole changu, basi, kilikumbuka sawasawa. Kilihesabu muda kati ya kumwona adui na kuruka kama kilivyofundishwa benchini Ngamiani, kwa picha 50, na adui wa picha 60 akawa amekwisha kufika.

"Mjomba, mbona unaruka umechelewa?" mpwa wangu aliniuliza, akinyoosha mkono kudai zamu yake.

Nilimwomba aniachie maisha yaliyobaki. Mara ya tatu nilikipita kile kiumbe, kwa kuruka mapema kuliko kidole kilivyotaka.